Maswali ya wasomaji: Testa inasema sifuri, je laini ni nzima?

Safari hii maswali mengi yamekuja ya kupima makosa ya biti kwenye laini za faiba, na nimefurahi maana ni kipimo ambacho mafundi wengi wanakifanya haraka haraka ili wapate karatasi ya kukabidhi kazi. Kwa ambaye ndo anaanza, BER (bit error rate, yaani kiwango cha makosa ya biti) ni hesabu nyepesi tu: biti zilizofika zimeharibika, gawanya kwa biti zote zilizopokelewa. Testa inatuma mfuatano wa biti inaoujua yenyewe, upande wa pili unalinganisha kilichofika na kilichotakiwa kufika, basi. Ugumu wote uko kwenye kusoma jibu.

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Tumemaliza kuvuta laini ya giga 10, nikafunga testa upande mmoja na lupu (ya kurudisha mawimbi yalikotoka) upande wa pili, nikaiachia dakika moja, makosa sifuri. Mteja kagoma kusaini, anasema mkataba unataka BER ya 10⁻¹² na dakika moja haithibitishi kitu. Mi naona ananisumbua tu, sifuri si ni sifuri? (Fundi wa faiba)

JIBU: Salama ndugu yangu, pole kwa kuzungushwa, ila mteja wako yuko sahihi kabisa. 10⁻¹² maana yake kosa moja kwa kila biti trilioni moja. Giga 10 kwa sekunde inapitisha trilioni hiyo kwa sekunde 100, sasa wewe umepima sekunde 60, yaani zimepita biti bilioni 600 tu, hata hiyo trilioni ya kwanza hujaifikia. Laini iliyo mbovu kuliko kiwango cha mkataba ingeweza kabisa kukuonyesha sifuri kwa muda huo na wala testa isingekuwa imekudanganya.

Kanuni tunayotumia kazini ni hii: ukitaka uhakika wa asilimia 95, chukua 3 ugawe kwa BER unayoitaka, hizo ndo biti unazotakiwa kupitisha bila kosa hata moja. Kwa 10⁻¹² zinakuwa biti trilioni 3, na kwenye giga 10 ni sekunde 300, dakika tano tu jamani. Kwenye giga 1 ni dakika 50, kwenye giga 100 ni sekunde 30. Likitokea kosa moja katikati usianze kulia, ongeza muda mpaka ufikishe biti kama trilioni 4.7 (kwenye giga 10 ni karibu dakika nane), na kama halijaongezeka lingine bado umefaulu kwa uhakika ule ule. Ila mkataba ukisema 10⁻¹⁵ hapo jipange, kwenye giga 10 ni siku tatu na nusu testa iko inawaka.

Mambo mawili kabla hujarudi kupima. Ukianza, ingiza kosa moja kwa makusudi, testa karibu zote zina kitufe hicho, uone linahesabiwa, maana kuna watu wamekabidhi ripoti ya sifuri kumbe testa ilikuwa inasoma kitu kingine kabisa. La pili, lupu inapima kwenda na kurudi kwa pamoja, kosa likitokea hutajua limetokea njia gani, kwa hiyo ukiweza tumia testa mbili, moja kila upande.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi niko mafunzo kazini. Kwenye testa kuna PRBS7, PRBS15, PRBS23 na PRBS31, fundi wangu huwa anachagua ya kwanza tu. Kuna tofauti? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba kijana wangu, tofauti ipo tena kubwa. PRBS ni ule mfuatano wa biti testa inaoutuma, umepangwa uonekane kama wa kubahatisha, na hiyo namba inakuambia ni mrefu kiasi gani kabla haujajirudia. PRBS7 ina biti 127 tu, PRBS31 ina biti 2,147,483,647. Na mfuatano mrefu unaleta misururu mirefu ya moja tupu, PRBS7 haivuki moja saba mfululizo wakati PRBS31 inafika 31, na misururu hiyo ndo inayomtesa mpokeaji kwa sababu mawimbi hayabadiliki na saa yake inakosa cha kushikilia. Laini inaweza kupita na PRBS7 bila shida halafu ikaanguka na PRBS31. Kwa giga 10 na kuendelea tumia PRBS31. Na siku ukiona BER ya karibu asilimia 50 usikimbilie kusema faiba imekatika, mara nyingi ni testa mbili zimewekewa mifuatano tofauti, na ikisoma kila biti ni kosa basi angalia upande mmoja umegeuzwa, moja inasomwa sifuri na sifuri inasomwa moja.

SWALI: Tulipima saa 24 kwenye giga 10, BER ikatoka chini ya 10⁻¹², tukakabidhi kwa raha zetu. Sasa watumiaji wanalalamika simu za intaneti zinakwaruza mara moja moja, na swichi inaonyesha fremu (vifurushi vya data) mbovu zinaongezeka. Nani anasema uongo? (Msimamizi wa mtandao)

JIBU: Hakuna anayesema uongo dada, ila wastani umewaficha jambo. Tupige hesabu. Giga 10 kwa saa 24 ni biti trilioni 864, kwa hiyo hata ukipata makosa 800 bado BER yako iko chini ya 10⁻¹² na testa inaandika umefaulu kwa herufi za kijani. Makosa hayo 800 yakitawanyika yanakuja moja kila dakika mbili hivi, kila moja linaua fremu moja, hamna atakayejua. Lakini hayo hayo 800 yakija yote ndani ya sekunde moja, saa nane mchana, hapo simu itakwaruza na mtu atapiga kelele, na BER kwenye ripoti ni ile ile haijabadilika hata nukta.

Ndiyo maana usisome BER peke yake, fungua ukurasa wa sekunde zenye makosa, angalia ngapi, na zimetokea saa ngapi. Makosa ya kutawanyika kila wakati ni dalili ya mwanga hafifu au uchafu. Makosa ya mafungu nenda kaangalie kitu kinachotokea kwa vipindi, mtu anafungua kabati na mlango unabana kebo, umeme unayumba mashine kubwa inapowaka, konekta haijaingia mpaka mwisho inacheza. Chukua zile saa za testa uzilinganishe na kumbukumbu za swichi pamoja na za umeme, mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe.

Halafu kuna hili, kama kati ya testa zenu mbili palikuwa na swichi basi mlipima kitu kingine. Swichi za kawaida zikipokea fremu yenye biti moja mbovu zinaitupa nzima, haifiki upande wa pili kabisa, kwa hiyo testa haioni kosa la biti, inaona fremu imepotea. Angalieni hesabu ya fremu zilizopotea kwenye ripoti ile ile, huenda ushahidi mlikuwa nao tangu siku ya kwanza.

SWALI: Nguvu ya mwanga naipata nzuri tu, iko ndani ya kiwango cha moduli (kile kifaa chenye leza na mpokeaji), lakini makosa hayaishi. Nibadilishe moduli? (Fundi mwenye haraka)

JIBU: Subiri kwanza, usinunue kitu. Mita ya mwanga inakuambia mwanga ni mwingi kiasi gani, haikuambii umefika ukiwa safi.

Anza na konekta, na ninaposema anza na konekta namaanisha darubini, sio kupuliza kwa mdomo. Kiini cha faiba ya masafa marefu ni kama mikromita 9 tu. Ukikikuza utaona duara kubwa la kijivu na katikati kidoa kidogo ndo kiini chenyewe, sasa angalia kama kuna punje nyeusi imekaa juu yake, au ukungu wenye rangi rangi wa mafuta ya kidole, au pete ya spiriti iliyokaukia pale baada ya mtu kusafisha akaondoka bila kuangalia tena. Safisha kwa kifaa kikavu, angalia, bado ipo safisha tena, angalia tena, na fanya pande zote mbili za kila kiungio maana ukichomeka safi kwenye chafu umechafua zote. Uchafu hauli mwanga peke yake, unarudisha mwingine nyuma kwenye leza na leza haipendi kabisa. Kama kuna konekta ya kijani imechomekwa kwenye ya bluu, hapo hapo umepata mgonjwa, ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na ya bluu haina, hazikutani sawasawa.

Likishindikana hilo ndo uangalie kebo iliyokunjwa sana, na urefu wa njia ukilinganisha na moduli inavyoruhusu. Na ujue karibu na mwisho wa uwezo wa mpokeaji kitu kidogo kinabadilisha mambo sana, kwa mpokeaji wa kawaida mwanga ukipungua kama desibeli 0.7 tu BER inaweza kutoka 10⁻¹² ikaenda 10⁻⁹, yaani mara elfu moja mbaya zaidi. Usikubali laini inayopita kwa kushika ukingo.

Mwanga ukizidi nao ni tatizo, tena baya. Moduli nyingi za giga 10 za kilomita 80 leza inatoa kati ya 0 na +4 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) wakati mpokeaji wake hataki zaidi ya takriban -7. Ukiifanyia lupu kwa kebo fupi bila kipunguza mwanga unaweza kuiua kabisa, weka cha desibeli 15.

SWALI: Laini yetu mpya ya giga 400 inaonyesha makosa mamilioni kabla ya FEC, baada ya FEC ni sifuri. Bosi anataka tuirudishe. (Kitengo cha mtandao)

JIBU: Msiirudishe bado. Kwenye giga 400 makosa ni sehemu ya mpango wenyewe, mwanga unabeba ngazi nne badala ya mbili kwa hiyo nafasi kati ya ngazi ni finyu, na FEC (mfumo wa kurekebisha makosa kwa kutumia biti za ziada) ipo ili irekebishe. Aina inayotumika sana inavumilia hadi kama 2.4×10⁻⁴ kabla ya kurekebisha, ambayo kwa kasi hiyo ni karibu makosa milioni 100 kila sekunde, na bado mtumiaji hapati hata moja. Swali la kumuuliza testa ni mko mbali kiasi gani na huo mpaka, maana FEC haichoki taratibu, inabeba inabeba halafu ikishindwa laini inaanguka ghafla. Mkiwa kwenye 10⁻⁶ laleni usingizi, mkiwa kwenye 10⁻⁴ leo na joto la chumba likipanda kesho mtaamshwa. Andikeni namba hiyo kila wiki, ikianza kupanda tafuteni uchafu kabla hamjaitwa.

SWALI: Fupi tu, hatuna testa. Ping (ujumbe wa kujaribu ambao upande wa pili unaujibu) elfu moja bila kupoteza hata moja haitoshi? (Msomaji)

JIBU: Haitoshi ndugu. Ping kubwa ya baiti 1500 ni biti 12,000, elfu moja zinakuwa biti milioni 12. Ili ufikishe zile trilioni 3 unahitaji ping milioni 250, ukituma moja kila sekunde ni karibu miaka 8. Azima testa, au kama vifaa vyako vina jenereta ya PRBS ndani yake, na vingi vya siku hizi vinayo, iwashe pande zote mbili wakati laini haina watumiaji.