Sarafu ya dhahabu kubwa kuliko zote
Je, sarafu ya dhahabu kubwa kuliko zote duniani ni ile iliyotengenezwa Kanada? Hapana. Kubwa kuliko zote ni sarafu ya Australia iliyotengenezwa na kiwanda cha Perth Mint mwaka 2011, yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,000, upana wa takriban sentimita 80 na picha ya kangaruu upande mmoja. Ile ya Kanada ya mwaka 2007 ina kilo 100 tu, ingawa usafi wake wa asilimia 99.999 ni wa juu zaidi.

Sarafu zote mbili zimeandikwa milioni moja, kila moja kwa dola ya nchi yake, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo bei. Kiasi hicho huwekwa ili sarafu itambulike kisheria kuwa fedha halali, lakini thamani yake halisi hufuata uzito wa dhahabu na bei ya soko, ndiyo maana ile ya Perth ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 50 za Australia tangu ilipozinduliwa. Sarafu halisi mojawapo ya toleo hilo la Kanada, iliyoibwa katika jumba la makumbusho la Bode, Berlin, Machi 2017, ilikadiriwa kufikia euro milioni 3.75, na inasikitisha kwamba haijapatikana, kwani wachunguzi wanaamini ilikatwakatwa au kuyeyushwa.