Usilazimishe kosa liwe sifuri: nilivyojaza jedwali lenye mashimo na kelele

Mkuu, umesema algoriti yako inarudia hadi kosa kwenye namba ulizonazo linakaribia sifuri, lakini mashimo, yaani seli tupu za jedwali lako, inayajaza kwa mauzo yasiyoingia akilini. Tatizo ni hilo sifuri lenyewe. Mbinu unayotumia, ya Cai, Candès na Shen (2010), inalenga namba zilizopo zifuatwe kama zilivyo. Muuzaji akiandika 70 badala ya 700 (makosa ya namna hii ndiyo kelele) inamwamini, kisha inapindisha jedwali zima limfuate.

Yalinikuta kwenye mauzo ya sukari ya kila wiki, maduka ya Tandika, Mbagala na Kariakoo, yaliyotumwa kwa picha za madaftari. Ranki, yaani idadi ya mienendo ya msingi inayotosha kueleza jedwali zima, ilikuwa ndogo kwa sababu inayoeleweka: mwisho wa mwezi wote wanapanda, Ramadhani wote wanapanda, wanatofautiana kiasi tu.

Nikahamia Soft-Impute, mbinu ya Mazumder, Hastie na Tibshirani, ya mwaka huohuo. Unajaza mashimo kwa makisio, unatafuta thamani za singula za matriksi (jedwali hilo la namba), yaani namba zinazopima nguvu ya kila mwenendo, unapunguza kila moja kiasi kilekile, ikivuka chini ya sifuri unaiacha sifuri, kisha unaijenga matriksi upya. Namba halisi zinarudi mahali pake, makisio mapya yanakaa kwenye mashimo. Rudia mpaka yatulie.

Kazi kubwa ni kuchagua hicho kiasi cha kupunguza. Kabla ya kuanza nilificha seli moja katika kila kumi nilizokuwa nazo. Nikaanza na kiasi kikubwa, nikakishusha taratibu, kila hatua ikianzia majibu ya iliyotangulia. Kosa la seli zilizofichwa likashuka, likatulia, halafu likaanza kupanda, huku la zinazoonekana likizidi kushuka. Hapo ilikuwa imeanza kukariri kelele. Nikarudi hatua moja.

Kupunguza huko kwa thamani za singula hupunja hata mienendo ya kweli. Kilele changu cha Ramadhani kilitoka kifupi. Mienendo iliyobaki nikaikadiria upya kwa miraba midogo kabisa, yaani kutafuta ukubwa wake unaofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo iwezekanavyo.

Jambo moja halikutatulika kwa kompyuta. Wiki moja ya masika barabara zilijaa maji, hakuna duka lililotuma picha, safu wima nzima ikawa tupu. Algoriti ilinirudishia sifuri kutoka juu hadi chini. Nilipanda daladala hadi Mbagala, nikasoma madaftari ya maduka matano, nikaziingiza hizo namba tano, ndipo wiki ile ikajazika.