Arch Linux ya kila siku: kazi inaanza baada ya kusakinisha

Wageni wengi wa Arch Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, wanaogopa siku ya kusakinisha. Hofu hiyo imechuja. Tangu 2021 flashi ya usakinishaji inakuja na archinstall, programu ya kukusakinishia: unajibu maswali, unasubiri. Kwenye kipengele cha mtandao chagua NetworkManager, programu inayosimamia intaneti. Ukikiruka, utawasha mashine mpya isiyo na intaneti.

Shughuli yenyewe ni kusasisha. Arch haina matoleo ya kungojea, programu mpya zinaingia kila siku. Kazi hiyo hufanywa na pacman, programu ya Arch ya kusakinisha na kusasisha. Amri ni pacman -Syu, kila kitu kwa pamoja. Ukishauriwa pacman -Sy pamoja na jina la programu moja, kataa. Hapo unaleta programu mpya juu ya maktaba za zamani (faili ambazo programu nyingi hutegemea kwa pamoja), na kesho kitu kingine kabisa kinagoma kufunguka.

Kwa sisi wa bando: pacman hupakua vyote kwanza, ndipo husakinisha. Intaneti ikikatika hakuna neno, utaendelea baadaye. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, hasa kerneli (kiini cha mfumo), ndiyo balaa, kwa hiyo mwenye deskitopu bila UPS asisasishe mawingu yakiwa yametanda. Bando la usiku lina nafuu? Tumia pacman -Syuw, inapakua tu. Ila kabla hujamalizia kwa -Su, usisakinishe kitu kipya chochote. Utarudi kwenye shida ileile ya juu.

Usisasishe saa moja kabla ya kuwasilisha kazi. Soma kwanza habari za ukurasa wa mbele wa Arch, kwani mabadiliko yanayohitaji mkono wako hutangazwa pale.

AUR, hifadhi ya programu za ziada, ni tamu, lakini vifurushi vyake (yaani programu zilizomo) huwekwa na watumiaji kama wewe. Soma PKGBUILD, faili la maelekezo ya kuunda kifurushi, angalau uone inapakua kutoka wapi.

Mashine ikikataa kuwaka, usikimbilie kufomati. Washa kwa flashi, unganisha (mount) diski yako kwenye /mnt pamoja na sehemu ya boot, kisha ingia ndani ya mfumo wako kwa arch-chroot /mnt. Vifurushi vya zamani vimo /var/cache/pacman/pkg kama hukuvifuta. Rudisha kilichokuwa kikifanya kazi kwa pacman -U. Mimi pia huweka linux-lts, kerneli inayodumishwa kwa muda mrefu, kando ya kerneli ya kawaida, na menyu ya kuwashia iwe inaionyesha. Kerneli mpya ikigombana na kadi ya Wi-Fi, nachagua linux-lts na kazi inaendelea.