Kutoka Dodoma hadi miji ya kando ya mto kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama inawezekana kutoka Dodoma asubuhi pamoja na mwongoza watalii, kutembelea miji ya kando ya mto na kurejea jioni. Inawezekana, ila chagua upande mmoja tu. Ningekushauri Mtera, katika barabara ya Iringa, ambako maji ya Mto Ruaha Mkuu yamezuiwa na bwawa lenye mitambo ya kuzalisha umeme wa megawati 80, na ambako perege na kambale huuzwa wabichi na waliokaushwa. Mwombe mwongoza watalii wako akufikishe kwa wavuvi wenyewe mapema, kabla jua halijawa kali. Kilosa, kando ya Mto Mkondoa, inafikika kwa treni ya umeme; hata hivyo, hakikisha kwanza saa ya treni ya kurudi, na uepuke kwenda Kilosa wakati wa masika, kwani mto huo hufurika.