Golf GTI na Cayman kiwanjani: jibu kwa mkuu wa Mafinga

Mkuu uliyeniandikia kutoka Mafinga, swali lako nimelielewa hivi. Una Golf 5 GTI. Shemeji yako aliyeko Afrika Kusini anakucheka kwamba gari linalovutwa na tairi za mbele ni la kupelekea watoto shule, na kwamba Porsche Cayman, gari la injini katikati, hata ile ndogo ya lita 2.7, kiwanjani, yaani kwenye njia ya mbio za magari, italiacha mbali. Unataka kujua kama anasema kweli, na kama uuze Golf utafute gari lenye injini katikati.

Shemeji ana nusu ya ukweli, na bahati mbaya si nusu ile anayojivunia.

Kabla sijafungua gereji hapa Uyole, Mbeya, nilifanya kazi ya ufundi Pretoria miaka kadhaa. Bosi wangu alikuwa na Cayman 2.7 ya gia za mkono, mimi nilikuwa na Golf kama yako. Kiwanja cha Zwartkops, huko huko Pretoria, kikifunguliwa kwa watu wenye magari ya kawaida tulikuwa tunakwenda na yote mawili, mchana tunabadilishana funguo. Zwartkops ni kifupi, kilomita 2.4, kona zimebanana, kwa hiyo nguvu peke yake haikuokoi. Ninachoandika hapa kinatoka huko, sikukitoa kwenye video.

Tuanze na nguvu, maana ndiko ubishi unakoanzia. Kwenye karatasi Cayman hiyo ina farasi 245 na Golf ina 200. Lakini hizo ni namba za usawa wa bahari, na Gauteng, jimbo la Pretoria na Johannesburg, siyo Kigamboni ya ufukweni. Johannesburg ipo kama mita 1,750 juu, Mbeya mjini kama 1,700, Zwartkops chini kidogo ya hapo. Hewa huku juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), kama ya Cayman hiyo, inavuta kile inachokikuta. Hesabu ya mafundi ni kwamba nguvu inapungua asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ile injini tamu ya silinda sita inabaki na farasi 205, 210 hivi. Turbo ya Golf inajizungusha zaidi na kufidia sehemu kubwa ya kilichopungua. Ongeza na ule mvuto wa Nm 280 unaoanza mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Kutoka kona ya taratibu kwenda nyingine, Golf ilikuwa inaing'ang'ania Cayman bila aibu. Mtu wa Dar akikubishia kuhusu hewa, mwambie apandishe Mlima Nyoka na kagari kake kakiwa kamejaa abiria, kisha arudi tuongee.

Kwa hiyo nguvu tuiweke pembeni. Shughuli ipo kwenye tairi.

Tairi ina kiasi chake cha kushika barabara, basi. Kiasi hichohicho ndicho kinachotumika kusimamisha gari, kukata kona na kuliondoa. Ukikimaliza chote kwenye kukata kona, cha kuondokea hakipo. Golf inazitwisha tairi za mbele kazi zote tatu, na juu yake inazipa karibu asilimia 60 ya uzito wa gari zima. Za nyuma zinafuata tu. Kwenye kona kali ile ya ndani inanyanyuka kabisa, aliyesimama pembeni anaiona ikielea hewani.

Ukiwa na haraka ya kukanyaga mafuta katikati ya kona, tairi ya mbele ya ndani inazunguka bure kwa sababu difu ya Golf hiyo, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, ni ya kawaida, haijifungi. Pua nayo inaanza kwenda nje. Hapo wengi wanazidi kukunja usukani, na ndivyo wanavyozidi kuharibu, maana tairi imeshaelemewa. Dawa ni uvumilivu. Piga breki ya nguvu gari likiwa limenyooka, ingia kona ukiwa bado umeigusa kidogo ili uzito ubaki mbele na mkia ulegee, gari likishageuka achia, anza kunyoosha usukani, ndipo ukanyage. Ukilipatia, Golf inakuwa gari jingine kabisa. Mimi sijaona mwalimu mzuri kuliko gari la namna hii, kwa sababu ukilikosea linakuchelewesha tu, halikupeleki ukutani.

Cayman imegawa kazi. Injini iko nyuma ya mgongo wako lakini mbele ya ekseli ya nyuma, na mbele kunabaki asilimia 45 hivi ya uzito. Za mbele zinakata kona, za nyuma zinasukuma. Ukipiga breki uzito unarukia mbele kama kawaida, ila nyuma kunabaki mzigo wa kutosha, hivyo tairi zote nne zinashiriki kulisimamisha gari. Hapo ndipo nilipokuwa naachwa. Kwenye mnyooko tunakwenda sawa, mimi nimeshakanyaga breki, bosi bado yuko kwenye mafuta.

Kuna na suala la mahali uzito ulipo. Chukua gunia dogo la viazi, likumbatie kifuani, geuka haraka. Sasa lishike mikono ikiwa imenyooka mbele yako, geuka tena. Huyo wa pili ni Golf: kuanza kugeuka ni kazi, injini yote inaning'inia mbele. Cayman ukigusa usukani imeshaelekea.

Lakini kinachogeuka haraka kinapinduka nyuma-mbele haraka vilevile, na hili shemeji hawezi kukuambia. Umeingia kona na kasi imezidi, roho imeruka, umeachia mafuta ghafla. Golf itajikunja kidogo kuelekea ndani, na mara nyingi inakuwa imekusaidia. Cayman uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi katikati ya kona, gari linapiga mkia kwa mwendo ambao mikono ya mtu wa kawaida haiuwahi. Mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza unadaka mengi. Ukiuzima, ni wewe na Mungu wako. Kanuni ya bosi ilikuwa fupi: kasi ipunguze kabla ya kona, ukishaingia, mguu uwe kwenye mafuta hata kama ni kidogo, na usiutoe kwa woga. Rahisi kuiandika.

Sasa joto, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kwamba gari la bosi ni zuri kuliko langu kwa kazi ile. Mzunguko wa kwanza na wa pili Golf ilikuwa pale pale mgongoni kwa Cayman. Kadiri muda unavyokwenda, inapungua. Ukirudi maegesho weka kiganja kwenye bega la tairi ya mbele iliyokuwa upande wa nje wa kona: inanata, imejaa vipunje vya mpira vilivyojiviringisha, herufi za pembeni zimeanza kulika. Ya nyuma ina uvuguvugu tu. Umetoka na PSI 32 baridi, geji sasa inasoma karibu 40. Pedi za mbele zinatoa ile harufu kali, na pedali ya breki inazama zaidi ya ilivyokuwa asubuhi. Ukienda kwenye Cayman, tairi nne zinakaribiana joto, pedali iko palepale, na dereva anaweza kurudia mwendo uleule mpaka muda wake uishe. Hiyo ndiyo faida ya injini katikati: inachosha tairi zote kwa usawa, kwa hiyo inachelewa kuchoka. Shemeji anadhani inamshinda mwenzake kwa nguvu.

Na wala usifikiri kuvutwa na tairi za mbele ni kilema. Mwaka 2019 Renault walipeleka Mégane R.S. Trophy-R kule Nürburgring, Ujerumani, wakazunguka kilomita 20.6 kwa dakika 7 na sekunde 40. Muda huo ndio Porsche walioutangaza mwaka 2015 kwa Cayman GT4 kwenye umbali huohuo. GT4 ina farasi 385, Mégane 300. Walifanyaje? Walilipunguza uzito kwa kilo 130, kiti cha nyuma wakang'oa, wakafunga shokapu za gharama, tairi za kunata, na difu inayojifunga ili ile tairi ya ndani isizunguke bure. Matatizo yote niliyoyataja kwenye Golf waliyashughulikia moja moja. Sema lile siyo tena gari la kupeleka watoto shule, watakaa wapi?

Uuze au usiuze? Mimi nisingeuza. Cayman ni bora kiwanjani, nimeshasema, lakini wewe unaishi Mafinga na kiwanja kipo nchi nyingine. Siku zako nyingi ni matuta ya barabara kuu, trafiki na tochi yao kila kijiji, na vumbi la kwenda mashambani ambako Cayman itaburuza tumbo. Tairi zake za mbele na nyuma hazilingani ukubwa, kwa hiyo hata kuzihamisha huwezi, na zikikatika utasubiri. Ukifungua boneti unakutana na buti. Ukifungua nyuma, buti jingine. Injini kuifikia ni mpaka gari lipande juu. Fundi wa kwanza utakayempelekea ataanza kwa kuuliza iko wapi.

Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara kuu kule Iringa, naomba tusiiweke kabisa kwenye haya mazungumzo. Malori yanayoshuka breki zikifuka moshi hayajui kama wewe unafanya mazoezi ya kuachia breki taratibu.

Kwa hiyo hela ya kubadilisha gari iingize kwenye Golf, na ufuate mpangilio huu. Kwanza fungua pampu ya mafuta ya presha kubwa utazame kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati yake na kamu, ule mhimili unaofungua valvu. Injini hizo zinakila, na kikitoboka unaweza kupoteza kamu na pampu vyote. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha hata kama unakitilia shaka tu. Pili mafuta ya breki, DOT 4 mapya, toa ya zamani yote, maana yakikaa yananyonya unyevu na kuchemka mapema. Kisha pedi za mbele zinazostahimili joto. Halafu tairi nne zinazofanana, siyo mbili mpya mbele na mbili za mtumba nyuma. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuifanya Golf nayo ipige mkia. Difu ya kujifunga ije mwisho, ukishajua kungoja kwenye kona bila hiyo.

Ukifika Pretoria shusha upepo hadi PSI 30 kabla ya kuingia, na ukitoka tu upime upya tairi zikiwa za moto. Kisha mwambie shemeji mbadilishane funguo nusu siku. Wewe uchukue Cayman asubuhi, yeye umwachie Golf.