Udongo unachimbwa, bakteria ndio wagumu

Ndugu, umeuliza kwa nini wanasayansi wasichimbe tu udongo wapate antibiotiki mpya kama zamani. Wanachimba! Tabu ni kwamba bakteria wengi wa udongoni, kama 99 kwa 100, wanagoma kuota kwenye visahani vya maabara. Wanasayansi Kim Lewis na Slava Epstein wa Boston, Marekani, wakatumia kidude kiitwacho iChip: kila bakteria kwenye kitundu chake, kisha kidude kinafukiwa udongoni kwao, wapate kula walichozoea. Ujanja mtupu. Udongo wa jimbo la Maine, hukohuko Marekani, ukatoa antibiotiki mpya, teiksobaktini, ikatangazwa 2015. Kwenye panya ilitibu hata MRSA, bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi. Ila kwa bakteria E. coli, wale wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), haifui dafu: utando wao wa nje hauipitishi.