Maswali na Majibu: Chuo Kikuu cha Chicago na Timu Kiliyoivunja

Wiki iliyopita tulitaja kwa kupita tu kwamba Chuo Kikuu cha Chicago kiliivunja timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilhali kilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi kubwa ya vyuo. Wasomaji kadhaa wametaka maelezo zaidi, nasi tunayajibu maswali yao kwa zamu.

Tunakijua chuo hicho kwa wachumi na wanafizikia wake. Je, ni kweli kiliwahi kuogopwa uwanjani?

Ni kweli, na kiliogopwa kwa miaka mingi. Kilipoanza kufundisha mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa amekwisha kumwajiri Amos Alonzo Stagg, kijana aliyesoma Yale, awe kocha na wakati huohuo mhadhiri mwenye ajira ya kudumu, heshima ambayo makocha wa enzi zile hawakuizoea. Stagg alidumu hapo misimu 41. Mwaka 1896 Chicago kilikuwa kimojawapo cha vyuo saba vilivyounda ligi inayoitwa leo Big Ten, na chini ya kocha huyo kilitwaa ubingwa wake mara saba.

Mechi inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya tarehe 30 Novemba 1905 dhidi ya Michigan, timu iliyokuwa imecheza mechi 56 mfululizo bila kushindwa. Katika kipindi cha pili, Walter Eckersall wa Chicago aliupiga mpira kwa mguu ukaenda mbali hadi nyuma ya mstari wa lango la wapinzani. Mchezaji wa Michigan angeweza kuuacha ufie hapo, lakini aliudaka, akajaribu kutoka nao mbio, akakabwa na kusukumwa tena nyuma ya mstari wake mwenyewe. Tukio la namna hiyo huwapa wapinzani pointi mbili, na mechi ikaisha 2–0.

Jina la utani la Chicago Bears, yaani Majitu ya Midway, lina uhusiano wowote na chuo hicho?

Lina uhusiano wa moja kwa moja. Midway ni bustani ndefu inayopita kando ya chuo, na jina hilo waliitwa kwanza wachezaji wa chuo. Bears, timu ya kulipwa, walilirithi baadaye.

Kwa nini basi timu iliyofanikiwa hivyo ikavunjwa?

Mwaka 1929 chuo kilipata rais mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye umri wa miaka 30, ambaye hakuficha imani yake kwamba chuo kikuu kipo kwa ajili ya elimu na kwamba biashara ya viingilio vya uwanjani inakipotosha. Stagg alipotimiza miaka 70, mwaka 1932, alistaafishwa; akahamia California, akaendelea kufundisha mchezo huohuo, na hatimaye akafariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102. Katika miaka ile ya 1930 vyuo shindani vilikuwa vikisaka vijana wenye vipaji vya mpira, ilhali Chicago hakikulegeza masharti yake ya masomo, na matokeo yake yalionekana waziwazi. Katika msimu wa 1939 timu ilifungwa 61–0 na Harvard, 85–0 na Michigan, 61–0 na Ohio State na 46–0 na Illinois. Mwezi Desemba mwaka huohuo wadhamini wa chuo waliifuta.

Kwa maoni yangu, Hutchins aliitambua hatari kabla ya wengi, na fedha zinazozunguka katika michezo ya vyuo vya Marekani leo zinampa haki. Hata hivyo, wanafunzi waliotaka kucheza kwa kuupenda mchezo tu hawakuwa na hatia yoyote, nao ndio waliobeba gharama ya uamuzi huo.

Tuzo ya Heisman, anayopewa kila mwaka mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, ilianzia hapo?

Mshindi wake wa kwanza, mwaka 1935, alikuwa Jay Berwanger wa Chicago. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, lakini hakucheza huko hata mechi moja, kwa kuwa hakuafikiana na Bears kuhusu malipo. Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alimkabili Berwanger uwanjani alipokuwa akiichezea Michigan, akatoka na kovu chini ya jicho.

Nimesikia kwamba jaribio la nyuklia lilifanyika chini ya uwanja huo. Inawezekanaje?

Timu ilipoondoka, Uwanja wa Stagg ulibaki bila kazi kubwa. Chini ya majukwaa ya magharibi kulikuwa na ukumbi wa mchezo wa raketi, na humo mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipanga matofali ya grafiti pamoja na urani, wakaanzisha mmenyuko wa nyuklia unaojiendeleza wenyewe, wa kwanza kutengenezwa na binadamu, tarehe 2 Desemba 1942. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957, na leo maktaba ya Regenstein imesimama katika eneo la uwanja huo.

Je, chuo kinacheza futiboli siku hizi?

Kinacheza. Mchezo ulianza kurejea kidogokidogo miaka ya 1960, na mwaka 1963 baadhi ya wanafunzi waliketi katikati ya uwanja kuupinga. Timu rasmi ilirudi mwaka 1969. Inashiriki Daraja la Tatu, ambako hakuna mchezaji anayelipiwa masomo kwa sababu ya mpira, na huo ndio utaratibu ambao ningependa ungejaribiwa mwaka 1939.